Shahidi wa Upande wa Pili wa Ukuta

Fundi wetu wa kufuli alifiwa na mkewe, na watoto hawakubahatika kupata. Kila jioni alijifungia chumbani, akapika, akala. Kwa hiyo umeme ulipokatika jioni moja na duka la nguo likaibiwa gizani, hakuwa na wa kumsemea. Kufuli la duka lilikutwa limefunguliwa bila hata mkwaruzo. Mwenye duka akasema mtaa mzima hauna mwingine mwenye mkono mwepesi kama ule, na polisi wakamchukua.

Mahakamani aliulizwa alikuwa wapi.

"Nyumbani, mheshimiwa. Peke yangu."

Mwendesha mashtaka akatabasamu. "Kila mwizi huwa nyumbani peke yake."

"Kuishi peke yako si kosa," hakimu akamkatiza. "Wala si kazi yake kuthibitisha kwamba hakuiba. Ni kazi yako kuthibitisha kwamba aliiba."

Hata hivyo tulimwona fundi amenywea. Ndipo akaitwa shahidi wake pekee, mshona nguo wa chumba cha pili, mama mtu mzima aliyejitolea mwenyewe. Fundi alipomwona anapanda kizimba cha mashahidi, akainamisha kichwa.

"Ulimwona mshtakiwa jioni hiyo?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Sikumwona. Nilimsikia. Umeme ulipokatika cherehani yangu ilinyamaza, na ukuta wetu ni mwembamba. Alikuwa anakohoa."

"Hata mimi nakohoa, mama."

"Wewe huombi radhi. Yeye akikohoa husema, 'Samahani, bibie, endelea kula.'"

"Bibie gani? Si alisema yuko peke yake?"

Mama akasita. "Marehemu mkewe. Huongea naye mezani."

Watu wakageuka kumtazama fundi.

"Na jioni hiyo walizungumza nini?"

"Chumvi. Alimwambia imezidi."

"Kumbe anamlaumu hata marehemu!"

"Alikuwa anajilaumu. Mpishi si yeye?"

Ukumbi mzima ukacheka. Fundi alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, huu ni uvumi mtupu," alisema mwendesha mashtaka.

"Uvumi ni kile alichohadithiwa," hakimu alijibu. "Hiki amekisikia kwa masikio yake, saa ileile ya wizi. Kwa upande wako umenionyesha kwamba mshtakiwa anaweza kufungua kufuli. Hujanionyesha kwamba alilifungua hili. Shaka imebaki, na ni haki yake."

Akaachiwa huru. Wateja wakarudi, hata mwenye duka akaja kuomba msamaha. Lakini fundi alikwenda kwa mwenye nyumba kuomba chumba cha mwisho, kilichokuwa kitupu.

Mshona nguo alimkuta anafunga godoro kwa kamba.

"Kaka, kile chumba kinavuja."

"Nitatega ndoo."

"Unanikimbia? Ningenyamaza ungefungwa."

"Najua, dada. Umenitoa jela, na sitasahau." Aliendelea kukaza fundo bila kumtazama. "Lakini nikifungua mdomo mle ndani sasa, nawasikia wale wa mahakamani wakicheka."

Kitanda kilikuwa kizito kwa mtu mmoja, mama akashika upande wa miguuni. Wakakipitisha kwenye ukumbi wa nyumba, mama akitembea kinyumenyume, bila neno lolote isipokuwa "taratibu" walipofika kwenye kona.