Goli la Hatua Tano

Mechi ile ilitugharimu mpira mmoja wa ngozi, meno mawili ya beki wetu wa kushoto, uwanja uliofungwa msimu mzima, na kipa ambaye mfano wake hatukuupata tena. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili faida imetoka sifuri. Hata bao hatukufunga.

Kalemie wakati huo bado iliitwa Albertville, na uhuru ulikuwa na umri wa mtoto anayejifunza kutembea: unaanguka sana, na kila ukianguka unashika chochote kilicho karibu. Mimi nilikuwa nauza ndagaa wakavu sokoni. Kwa sababu hiyo watu wa mtaa wetu, ule wa mlimani, walinichagua niwe mtu wa mapatano wa timu. Walisema muntu anayeweza kumuuzia mvuvi ndagaa anaweza kupatana hata na shetani. Shetani aliyekusudiwa alikuwa timu ya mtaa wa chini, kando ya ziwa.

Kwingine, nasikia, sheria za mpira zimo ndani ya kitabu. Kwetu zilikuwa zinapatanwa upya kila Ijumaa, mezani, mbele ya chupa. Kwanza kulikuwa na jambo la nguzo. Goli lililoachwa uwanjani Jumapili halikufika Jumatatu. Lilikuwa limekwisha kupika ugali wa mtu. Basi kila timu ilitunza goli lake nyumbani: miti miwili ya mkaratusi, na kamba ya kufunga juu. Siku ya mechi wachezaji waliibeba miti mabegani hadi uwanjani kama watu wanaokwenda kujenga nyumba, wakachimba mashimo, wakaisimamisha, na baada ya mechi wakarudi nayo.

Kisha kulikuwa na jambo la dawa. Sisi tuliamini watu wa ziwa wamefukia kitu golini kwao, na wao waliamini hivyo hivyo juu yetu. Hakuna kipa aliyekubali kwenda kusimama juu ya dawa ya wenziwe. Kwa hiyo tulipatana kwamba hakuna kubadilishana upande. Kila timu ilinde goli lake lenyewe tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Upepo wa ziwa ukikupiga usoni, utakupiga mechi nzima, shauri yako.

Sijui kama kuna watu wengine duniani waliocheza namna hiyo. Sisi tuliona ni kawaida. Lakini watu wakilinda goli lao wenyewe mechi nzima, na wamelibeba wenyewe, na mashimo wamechimba wenyewe, basi mashimo yale huanza kusogeleana. Ndiyo maana kila Ijumaa ilibidi tupatane upana.

Mwenzangu wa upande wa ziwa alikuwa fundi wa nyavu, mtu mfupi mwenye miguu mifupi na ulimi mrefu.

"Hatua saba," nilimwambia Ijumaa ile.

"Saba? Unataka kupitisha gari moshi?"

"Basi taja yako, Papa."

"Ine."

"Ine ni mlango wa choo. Kipa wako munene, atakwama."

"Tano basi. Na tupime na miguu yangu."

"Miguu yako mifupi."

"Njo ile miguu Mungu alinipa. Uende umulalamikie yeye."

Tukakubaliana tano. Msimu wa kwanza tulikuwa tumeanzia nane. Mechi zetu zilikuwa zikiisha bila bao, moja baada ya nyingine, na tulikuwa na washambuliaji wazuri ambao hawakuwahi kushangilia kitu. Watu walijaa hata hivyo. Walikuja kutukanana. Matusi ndiyo yaliyokuwa mabao yetu, na kwa matusi nadhani sisi wa mlimani tulikuwa tunaongoza.

Kipa wetu hakutukana mtu. Alitoka Kirungu, huko juu Marungu kwenye baridi, ambako mapadri walimfundisha mpira pamoja na katekisimu, na nafikiri hakuona vizuri kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Mchezaji wa ziwa akianguka mbele yake, alimwinua na kumpangusa vumbi. Mpira ukitoka nje kwa mguu wetu, alinyoosha mkono kumwonyesha arbitri mwenye filimbi: ni wao warushe. Mashabiki wetu walicheka. "Muntu wa viazi!" walimwita, kwa sababu Kirungu wanalima viazi. Walicheka kwa kuwa alikuwa anadaka, na kwa kuwa mpira wa kurusha si kitu.

Mwalimu wa timu tulimwita Papa Kapita, kwa sababu alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wabebaji kwenye ghala moja la bandari. Yeye ndiye aliyempa kipa kazi ya magunia, na chumba nyuma ya nyumba yake. Mkataba haukuandikwa, lakini mtaa mzima uliujua: mikono ile ikidaka Jumapili, itabeba magunia Jumatatu. Na kipa aliihitaji Jumatatu. Alikuwa ameacha mke na mtoto mchanga Kirungu, na baada ya kuwakosa muda mrefu alikuwa amewatumia habari washuke hadi ziwani, wapande bato, ile meli ya abiria, wapite Zongwe, waje. Walitazamiwa Jumamosi iliyofuata mechi.

Jumapili tulipofika uwanjani, nguzo zetu zilikuwa zimekwisha kusimama. Papa Kapita alikuwa ametangulia nazo na vijana wawili. Kipa alisimama katikati, akanyoosha mikono kulia na kushoto, akakunja uso. Mtu hujua goli lake kama anavyojua kitanda chake.

"Papa Kapita," alisema, "goli limepungua."

"Halikupungua. Wewe njo umenenepa kwa mukate wangu."

Watu wakacheka, filimbi ikalia.

Sitasimulia mechi yote. Ilikuwa kama zile nyingine, miguu mingi na mpira mmoja. Karibu na mwisho, mshambuliaji wao wa mguu wa kushoto alipata nafasi. Kipa wetu aliruka kulia, mpira ukaenda kushoto. Alikuwa amekwisha kushindwa, naye alijua. Mpira ukagonga nguzo, ukarudi uwanjani, beki akaupiga hadi kwenye majani. Watu wetu walirukaruka, akina mama wakapiga vigelegele. Walikuwa wanashangilia mti.

Kipa aliinuka, akajipangusa magoti, akamwita arbitri. Arbitri alikuwa karani mpole, mwenye filimbi ya kuazima na watoto wengi wake mwenyewe.

"Arbitri, nguzo hii haiko mahali pake. Pima. Kama ni hatua tano, mimi mwongo, unitoe nje. Kama si tano, ile ilikuwa bao lao."

Hata wauza karanga waliacha kuhesabu chenji.

"Kipa!" Papa Kapita aliita kutoka ukingoni. "Rudi ku kazi yako!"

Arbitri alitazama nguzo, akamtazama Papa Kapita, akaitazama filimbi kama aliyetamani kuirudisha kwa mwenyewe. Hakutaka kupima. Lakini fundi wa nyavu alikuwa amekwisha kuingia uwanjani, akaweka kisigino kwenye nguzo moja na kuanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, ine, na kiatu chake kikagonga nguzo ya pili. Hata kwa miguu ile. Nami nikapima, ndiyo tabia yangu, na kwa miguu yangu hazikutimia nne. Hilo sikulitangaza.

"Wezi!" watu wa ziwa wakapiga kelele. "Wezi wa mulima!"

"Na yao ipimwe!" akajibu kapteni wetu.

Basi uwanja wote ukahamia upande wa pili, wachezaji, mashabiki, wauza karanga na karanga zao, kwenda kupima goli la ziwa. Nilipima mimi, wao wakasimamia. Lilikuwa jembamba kuliko letu kwa unyayo mmoja. Fundi wa nyavu alisema udongo wa kando ya ziwa husinyaa.

Hapo ndipo kipa wetu alipofurahi. Naapa, alifurahi; uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekuta kitu kilichopotea.

"Basi sote sawa," alisema. "Tuchimbe upya magoli yote mbili, hatua tano, tucheze. Jua bado liko." Akamnyooshea mkono kapteni wa ziwa.

Kapteni yule aliutazama mkono, akauficha wake nyuma ya mgongo.

"Umepaka nini humo?"

"Hakuna kitu. Tazama."

"Kama hakuna kitu, mbona unasema mabaya ya timu yako? Muntu gani anafanya vile bure?"

"Anataka kutufunga kwa dawa ya mukono!" mmoja alilia kutoka upande wao.

"Wamemununua!" akalia mwingine kutoka upande wetu. "Huyu si wa kwetu! Rudi Kirungu, ukapalilie viazi!"

Ilikuwa mara ya kwanza mlima na ziwa kukubaliana juu ya jambo moja, na hatukuhitaji hata Ijumaa.

Nani aliyeanza kupiga sijui. Najua kwamba nguzo ziling'olewa, na kwamba beki wetu wa kushoto alipoteza meno yake kwa nguzo yetu sisi wenyewe, maana kipande cha kamba yetu kilikuwa bado kinaning'inia juu yake. Mpira ulipotea chini ya nguo ya mtu. Kipa alisimama katikati ya fujo amewainulia wote mikono, akisema polepole, polepole, mpaka akavuliwa jezi mgongoni. Kisha wakaja askari, wakafyatua risasi hewani, kwa sababu siku zile watu wengi mahali pamoja walihesabiwa kuwa siasa. Kesho yake uwanja ukafungwa.

Kesho yake hiyo hiyo kipa alikwenda kwenye ghala kama kawaida. Papa Kapita alisimama mlangoni.

"Magunia yamekwisha," alimwambia.

Nyuma yake magunia yalikuwa yamepandana hadi kwenye mabati. Kipa alinisimulia haya bila hasira, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Na chumba alipewa mpaka Jumamosi. Jumamosi ile ile ya bato.

Alhamisi nilikwenda kwa Papa Kapita. Kupatana ndiyo kazi yangu. Hakuwa mtu mbaya. Kabla ya siku ile nilimwona akimlipia minerval, ile karo ya shule, mtoto wa jirani. Alikaa barazani kwake, hakunikaribisha kiti.

"Alinivua nguo mbele ya watu wa ziwa," alisema.

"Papa, nguzo ulisogeza wewe."

"Wao hawakusogeza?"

"Walisogeza."

"Kipa wao alisema kitu? Alifunga kinywa. Ile njo kipa."

Nikaacha hilo lipite, kama ninavyofanya sokoni mtu akitaja bei ya kichaa. Kisha nikamuuliza anataka nini. Alitaka kipa asimame mbele ya watu wetu wote Jumamosi asubuhi, aseme watu wa ziwa walimlipa. Nikasema hiyo ni nyingi, itamfukuzisha mjini. Akashuka: basi aseme walimroga. Nikasema mtu wa mapadri hatalisema hilo hata kwa fimbo. Tulivutana mpaka mke wake akanionea huruma, akaleta maji. Mwishoni Papa Kapita alisema: "Aseme tu, macho yangu yalinidanganya. Basi. Magunia yake anayapata, na chumba chake."

Macho yangu yalinidanganya. Maneno matatu, nikayahesabu tena njiani. Sijapata bei nzuri kama ile, kabla wala baada.

Nilimkuta kipa akifagia chumba kwa ajili ya mke wake. Alikuwa ameazima kitanda, na amesugua sufuria moja mpaka ikawa kama kioo. Nikamweleza. Alisikiliza ameshika ufagio.

"Lakini nguzo ilisogezwa," alisema.

"Ilisogezwa."

"Na wewe ulipima."

"Nilipima."

"Papa Kapita anajua?"

"Yeye njo alichimba."

"Na watu wote watakaokuja kunisikiliza, wanajua?"

"Kila muntu anajua."

"Basi nitakuwa namudanganya nani?"

"Hakuna hata mumoja," nikasema. "Njo maana ni rahisi."

Hakucheka. Akauliza kama hakuna kazi mahali pengine. Nilikuwa nimekwisha kuuliza, kwa sababu siendi kupatana bila kujua bei za jirani. Nilipouliza relini, walikuwa wamesikia. Nilipouliza kwa wenye maduka, walikuwa wamesikia vizuri zaidi. Nilishuka hata mtaa wa ziwa, nikamuuliza fundi wa nyavu kama timu yao haimtaki. Alilifikiria kwa haki kabisa, akaniuliza: "Kipa anayesema ukweli? Tutamufanya nini?"

Hilo la mwisho nilimwambia pia. Labda ningeliacha.

Alikaa kwenye kitanda cha kuazima, akaweka mikono yake ile mikubwa juu ya magoti, akaitazama. Nje akina mama walikuwa wanatwanga mihogo, na kila kishindo kilitikisa mlango. Nilidhani anapima, kama mimi ninavyopima, upande huu na upande ule. Alipoinua uso niliona kwamba hakupima kitu. Alikuwa anangoja nimpimie mimi.

"Papa," alisema, "wewe umezoea soko, unajua kitu gani kinauzwa na kitu gani hakiuzwi. Kesho kutwa bibi yangu anashuka mu bato na mutoto mugongoni. Ataniuliza tunalala wapi, na siku moja mutoto ataniuliza nilisema nini. Nisaidie basi, nisemee wazi: niende nikaseme, ao nisiende?"