Mpira Uliopungua Shibiri

Ukitaka kumwona Kajuju amekasirika, mwambie mipira yote ni sawa tu. Miaka kumi na minne ameketi katika soko la Gakoromone, mjini Meru, kwenye meza moja, kati ya wauza parachichi na bucha ya Gedi, akitengeneza sufuria za presha. Anabadilisha vali, anakaza mishikio, na zaidi ya yote anatia mipira mipya ya mfuniko, ile pete laini inayozuia mvuke usitoroke. Kazi hiyo aliijulia Nairobi, kwenye kiwanda cha mipira ya friji, miaka tisa kasimama mbele ya mashine ya moto. Alirudi Meru na kiuno kibovu na elimu ambayo hakuna aliyemwandikia cheti.

Mteja akisitasita, Kajuju huingia kwa Gedi akatoa mipira miwili iliyolala ndani ya friza pamoja na matumbo. Ule mweusi wa kawaida umekauka kama ukuni. Ule wa silikoni anaukunja, anauvuta, anauachia, nao unarudi.

"Baridi haiufanyi mgumu, moto wa jiko hauuyeyushi," husema. "Lakini mafuta ya taa! Usithubutu. Mpira utayanywa, utanenepa, hautaingia mahali pake. Yakiumwagikia, uanike siku mbili tatu mpaka urudi saizi yake. Usiuguse kabla haujarudi."

Maneno hayo amemwambia kila mtu, na Kawira alimwambia mara mbili. Kawira na mumewe Lennox wana kibanda cha githeri na ndizi upande wa pili wa soko, na walimu wa shule ya Kaaga huagiza chakula cha mchana kwao. Kajuju alimpenda msichana huyo kama aliyemzaa. Jumanne, mvuke ulipotoroka kwenye mfuniko wa sufuria ya Kawira ukamchoma mkono mpaka kwenye kiwiko, wa kwanza kufika hospitali na chupa ya uji alikuwa Kajuju.

Na jioni ile ile Lennox akapanda juu ya kreti, akashika spika ya wauza parachichi. "Mipira ya Kajuju ni feki! Imemchoma mke wangu! Msinunue kwa huyo mama!" Mara tatu, soko zima likasikia. Jamani, kuna watu hawana haya hata chembe!

Siku tatu hakuna aliyesimama mezani. Wanawake aliowatengenezea sufuria tangu watoto wao wakiwa mgongoni walipita wakitazama viatu vyao. Ijumaa saa nne asubuhi akaja Kaburu, mwenyekiti wa soko, amekunja uso wa kazi.

"Kamati imeamua, mama. Uondoe meza kabla ya saa nane."

"Huo mpira mmeuona?"

"Tumeambiwa."

"Mmeambiwa!" Kajuju alisimama, kiuno kikalia. "Miaka kumi na minne nimelipa ushuru hapa, nimefagia hapa, leo natupwa kwa kuambiwa? Mleteni Lennox na mpira wake. Nikiwa nimeuza feki, hiyo meza nitaibeba mwenyewe kichwani."

Lennox akaja na mpira ndani ya mfuko wa karatasi, Kawira nyuma yake, mkono umefungwa bendeji. Mpira haukuwa pete tena. Ulikuwa wazi, na kati ya ncha mbili palikuwa na pengo la shibiri nzima.

"Si unaona?" Lennox alisema. "Umekatika wenyewe ukasinyaa kwa moto. Silikoni gani hiyo?"

Kajuju aliugeuza. Ncha zilikuwa zimenyooka, safi, kazi ya kisu kikali. Pembeni palikuwa na doa jeusi la utomvu wa ndizi. Akaunusa, ukanuka mafuta ya taa, na hapo damu ikamchemka. Gakoromone nzima, kila anayemenya ndizi mbichi huondoa utomvu kwa mafuta ya taa, awe anafuta mikono, kisu au sufuria.

Alimimina mafuta ya taa kwenye beseni, akauzamisha mpira, akaketi.

"Tungoje."

"Tungoje nini?" Lennox akauliza.

"Una haraka ya wapi? Mimi ndiye ninayefukuzwa."

Wakangoja. Wauza parachichi wakasogea, na Gedi akatoka na aproni yake ya damu. Kajuju hakuwaangalia. Alimwangalia Kawira, na Kawira akaangalia chini, na hilo lilimuuma kuliko hiyo spika. Kufika saa sita pengo lilikuwa vidole vinne. Saa saba na nusu ncha mbili ziligusana.

Akautoa, akaufuta, akaupachika kwenye mfuniko wa sufuria ya saizi ile ile. Ukajaa sawasawa, bila nafasi ya kupitisha ukucha.

"Mpira mzima ukinywa mafuta namna hii unakuwa mkubwa, hauingii," alisema. "Huu unaingia kwa sababu ulikatwa kipande ukiwa umenenepa. Ulipoanza kukauka ukasinyaa, na moto wa asubuhi ukamalizia, ukaacha mlango. Mvuke ulitokea hapo. Nani alishika kisu, Lennox?"

"Sasa... walimu walikuwa wanangoja chakula. Ningeanika siku mbili nikiwaambia nini?"

"Mimi nilimshikia mpira akikata," Kawira alisema. "Nilimkumbusha maneno yako, fundi. Halafu nikashika."

Kajuju akamgeukia. "Siku tatu, Kawira. Na uji wangu ukaunywa."

Kawira alilia bila kujifuta. Kaburu akakohoa. "Basi mama, yameisha. Kaa na meza yako."

"Hayajaisha!"

"Pole, mathe," Lennox alinong'ona.

"Jumanne ulinong'ona?" Kajuju alienda mwenyewe kwa wauza parachichi, akaichukua spika, akamtia mkononi. "Panda pale pale uliposimama. Sema jina langu kama ulivyolisema."

Lennox akapanda kwenye kreti, spika mdomoni. Midomo ikacheza, lakini hata waliosimama chini yake hawakusikia neno. Hakuwa ameiwasha.

Kawira akamfuata. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akabonyeza swichi. Spika ikapiga kelele, na soko lote likageuka.

"Sema," akamwambia mumewe.