Teke la Ng'ombe Mbele ya Neema

Jamani, leo ng'ombe wa mama mkwe kanipiga teke, nikakaa chini kwenye matope!

Tuko kwake huku Mhunze wiki ya tatu sasa, ili binti yangu Neema apone vizuri baada ya operesheni ya tumbo.

Wiki zote hizo mtoto hajacheka. Mimi nimechoka hoi, na kukamua bado sijui.

Maziwa yote yakamwagika.

"Mama Neema, pole! Huyo hazoei wageni," mama mkwe akasema.

Mara nikasikia kicheko mlangoni. Neema, kajishika tumbo.

"Mama, usinichekeshe, mshono unauma!"

Nikalia palepale kwenye matope. Mama mkwe akadhani nimeumia, akaanza kumgombeza ng'ombe.



Nyie mliokulia na ng'ombe, kesho nikae upande gani?