Pilipili za Rozalija na Wanaume wa Barafu

Ndoo ya bati iligonga jiwe mara moja, kwang, kisha kimya. Sauti hiyo Rozalija anaikumbuka kuliko maumivu yenyewe. Oktoba ile aliinama kukata kabichi, akateleza, nyonga ikavunjika. Alilala kwenye tope la bonde letu mpaka jirani yake, Lojze, alipomsikia mbwa akibweka bila kukoma.

Darinka, bintiye wa pekee, alifika kutoka mjini Maribor uamuzi akiwa nao mfukoni.

"Mama, bustani basi. Asiyeweza kuinama hawezi kukaa peke yake. Kwangu kuna lifti."

"Na udongo je?"

"Kuna vyungu vya maua."

Rozalija akaomba muda hadi katikati ya Mei. "Uje uone. Ukikuta bustani imekufa, sanduku nitalifunga kwa mikono yangu."

Majira ya baridi Lojze akamjengea matuta manne ndani ya makasha ya mbao za msonobari, yenye kimo cha kufika kiunoni. Chini matawi makavu, kisha majani yaliyooza, kisha samadi, na juu udongo mweusi. Tulipita tukicheka.

"Shangazi, majeneza manne haya ya nani?"

"La kwanza lako, usiponiletea samadi."

Aprili ilipofika, mashamba yetu yalikuwa bado supu ya maji. Kwake maji yalishuka yakaenda zake, udongo ukapata joto, na figili zake zikawa mezani sisi tukiwa bado hatujashika jembe. Alipalilia akiwa wima, mkongojo ameutundika kwenye ukingo wa mbao. Hata konokono walichoka kupanda.

Raha hiyo ndiyo iliyomponza. Tarehe mbili Mei alipanda miche thelathini ya pilipili hoho.

"Shangazi!" Lojze alishika kichwa. "Wanaume wa Barafu hawajapita!"

Hilo kwetu hata mtoto analijua. Pankracij, Servacij na Bonifacij, watakatifu watatu, huja na baridi yao siku tatu mfululizo katikati ya Mei, na nyuma yao, tarehe kumi na tano, Zofka na mvua yake, yule tunayemwita Zofka Kikojozi. Kabla yeye hajapita, pilipili haitoki nje.

"Wao hutembea chini," Rozalija alijibu. "Bustani yangu iko juu."

Darinka aliahidi kuja asubuhi ya tarehe kumi na nne. Alasiri ya kumi na tatu, siku ya Servacij, upepo ukakata ghafla na mbingu ikatakata. Rozalija akajua usiku kutaganda. Akatoa mashuka yote kabatini, na kitambaa cha meza cha harusi yake, akayafunika matuta akibana kwa vibanio vya nguo, kimoja kimoja, vingine vikimponyoka.

Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi hadi mferejini. Viazi vya Lojze vilikuwa vimelala, vyeusi. Rozalija alisimama mlangoni, shali kifuani, asithubutu kufunua. Gari likaingia. Kwenye kiti cha nyuma aliliona sanduku kubwa, tupu.

"Mama, umeanika nguo kwenye baridi hii?"

"Funua wewe. Mimi siwezi."

Darinka akafunua. Miche minane ya ukingoni ilining'inia kama matambara mabichi. Rozalija akafumba macho. Alipoyafumbua, mwanawe alikuwa ameuzamisha mkono udongoni katikati ya tuta, hadi kifundo cha mkono, wala hautoi.

"Kuna joto," Darinka alisema. Miche ishirini na miwili ilisimama mbele yake. "Mashuka haya umeyatandika peke yako?"

"Ningemwita nani? Servacij?"

Darinka akacheka, akajipangusa pua kwa kiganja chenye udongo. Aliingia jikoni, akarudi na miche ya akiba iliyokuwa dirishani.

"Sepeto dogo liko wapi? Tujaze mapengo kabla sijarudi."

"Na sanduku?"

"Nitarudi nalo Maribor, tupu."

Rozalija akaichukua miche mikononi mwa mwanawe, akaikumbatia kifuani, chini ya shali.

"Ngoja kwanza Zofka apite," alinong'ona.