Rejeta ya Baba na Shati la Mchungaji

Nakubali aibu yangu mapema kabla hamjaisikia kwa wengine: hapa Wote kuna mchungaji ambaye kila akikutana na mimi, kabla hata ya kunisalimia, huangalia shati lake kwanza. Ana haki. Na yote ni kwa sababu nilitaka gari linalonguruma.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba. Alikuwa dereva wa tajiri mmoja Nairobi miaka mingi, na alipostaafu yule tajiri akampa gari lake la michezo, jekundu, milango miwili, liko chini mpaka ukitaka kuketi unajikunja kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Baba alilipangusa kila Jumamosi huku akiliambia maneno matamu ambayo Mama anadai yeye hajawahi kuambiwa. Alipofariki likakaa kibandani miaka mitatu, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma, hadi kaka yangu Muli akapata mtu wa kulinunua alikate auze spea. Nikalia. Mimi, mwalimu wa kemia, mwanamke wa miaka arobaini na moja, nikalilia gari. Mama akatukatia shauri.

"Jumapili ya ibada ya shukrani ya kumkumbuka baba yenu, kama hiyo gari itafika kanisani yenyewe, ni ya Mwikali. Ikifika ikisukumwa, Muli auze, na nisisikie neno tena."

Nilikuwa na wiki saba. Madereva wa malori wakanielekeza kwa Mzee Hassan, fundi wa Mtito Andei, ambaye alikuja mwenyewe na pikipiki hadi nyumbani, akalala chini ya gari saa nzima, akatoka na manyoya ya kuku kichwani.

"Mwalimu, hizi gari za mbio sizijui sana," akasema. "Mimi ni wa lori. Nitauliza wenye wanajua. Lakini rejeta imeoza na breki zimeisha, tuanze hapo. Wiki sita. Na kila spea ya zamani nitakurudishia kwa gunia, uone kile nimetoa."

Nikamuuliza habari ya kuiongezea injini nguvu.

"Nguvu ya kwenda wapi, na haiwezi kusimama?"

Nikamshukuru, nikampa chai, na moyoni nikamfuta. Fundi gani anakwambia hajui? (Mimi ndiye huwaambia wanafunzi asiyejua aseme hajui. Lakini hiyo ni ya darasani.)

Basi nikampelekea Kyalo, mwenye gereji nyuma ya soko, ambaye tunaimba naye kwaya moja. Kyalo aliweka mkono kwenye boneti, akafumba macho, akaliombea gari kabla ya kuligusa, halafu akaniambia, "Madam, hii ni kazi ndogo. Tunaweka breki za racing, bomba kubwa ya moshi, Wote yote isikie." Nitasema ukweli: nilimwamini kwa sababu ya besi yake. Mtu anayeimba besi tamu vile, nilijiambia, atadanganya vipi? Kila nilipoenda kuangalia kazi nilipewa soda na kiti huko nje kivulini, na mimi nikanywa soda zile nikiona nimeheshimiwa.

Jumamosi ya mwisho akanikabidhi gari. Jamani! Lilinguruma mpaka mbuzi wakavunja kamba, na breki zilikuwa nyekundu, zinang'aa katikati ya magurudumu. Nikazunguka mji mara mbili. Na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeshavimba, nikampigia mchungaji simu nikaomba gari liombewe mbele ya kanisa zima, vile watu wa kwetu hufanya mtu akipata gari. Hapo ndipo nilijimaliza.

Jumapili asubuhi Mama akaketi kando yangu na mkoba wake mapajani. Kwenye kile kilima cha mwisho mshale wa joto ukaanza kupanda, nikajifanya sijauona. Mama akanusa hewa.

"Mwikali, kuna mtu anapika hapa karibu?"

"Ni majirani, mwaitu," nikamjibu mama yangu.

Tukafika. Lenyewe! Mashemasi wawili wakamvuta Mama kutoka kitini, Muli akanuna, na mimi nikaimba siku hiyo kama mtu aliyelipwa. Ibada ilipoisha watu wote wakazunguka gari. Mchungaji alikuwa na shati jeupe jipya.

"Fungua boneti, Mwalimu, na uwashe. Tunataka kuombea kitu kiko hai."

Nilimwona Kyalo mstari wa mbele akiangalia viatu vyake, kisha akakumbuka ghafla ana haja chooni. Mchungaji akanyoosha mkono juu ya injini akaanza kuomba, na nyinyi mnajua maombi yetu, hayana haraka. Akaombea barabara, akaombea matairi, akaombea wajane, na ile harufu ya mchuzi ikazidi. Alipofika kwa injini, mpira wa maji ukachomoka. Maji ya manjano yakaruka juu, yakagonga boneti, yakarudi chini kama mvua juu ya mchungaji wetu.

Kwa neema ya Mungu hayakumchoma, yalikuwa yamepoa kwa kuruka hewani. Lakini shati! Nyanya mmoja akasogea, akagusa mkono wa mchungaji kwa kidole, akanusa.

"Aiya! Hii ni bizari."

Dereva mmoja wa lori akatueleza, akijikaza asicheke, kwamba rejeta ikitoboka njiani unaweza kumwaga bizari ndani ikazibe matundu. "Lakini hiyo ni ya kukufikisha mji wenye uko karibu," akasema. "Sio ya shukrani."

Muli alikuwa amerekodi yote kwa simu. Wanaume na suti zao wakalisukuma gari hadi nyumbani, kwaya nyuma inaimba, mimi usukani natamani kiti kinimeze. (Jumatatu nilikuta mtu ameandika ubaoni: Taja matumizi mawili ya bizari.)

Nyumbani Muli hakungoja hata chai. "Mama, imesukumwa. Kila mtu ameona."

Nikashika mlango. Niliona lile gari limeshakatwa vipande, na Baba nimempoteza mara ya pili kwa ajili ya bomba la moshi. Mama akavua kiatu kimoja, akapumzika, akavua cha pili.

"Nilisema ifike. Ilifika. Habari ya kurudi sikusema."

"Lakini Mama..."

"Na baba yenu siku ya kwanza aliileta hapa ikivutwa na ng'ombe wawili kutoka barabarani. Nilikatazwa kusema. Sasa nimesema."

Nilicheka nikilia, nikilia nikicheka, hadi Muli mwenyewe akashindwa, akacheka.

Nikampigia Hassan. Hakunicheka, ingawa niliposema bizari aliniomba nirudie. Alilichukua wiki sita, na kila nilipoenda aliniwekea kigoda kando yake nione kazi. Mwishoni akanipa gunia. Akatoa humo zile breki za racing, akazikwaruza kwa ukucha: rangi ikatoka, na chini yake ni breki za Baba, zilezile zilizoisha. Nikakumbuka nilivyozunguka mji mara mbili. Tungekuwa tumekufa na Mama kwenye kile kilima. (Kyalo siku hizi anaimba besi kanisa lingine.)

Juzi nilimpeleka Mama Kikima, tukapanda zile kona zote za Mbooni na rejeta mpya kubwa, mshale wa joto umetulia katikati. Mama akasema, "Simama kidogo nione shamba la kina shangazi," nikakanyaga breki, gari likasimama taratibu kama mtu mwenye adabu. Sijawahi kushusha pumzi hivyo. Injini haijaongezewa nguvu bado. Hassan anasema anauliza, na mimi nitangoja. Nimeapa, fundi atakayenipa soda nje ya gereji nitaimwaga palepale.

Na mchungaji nilimwalika chakula cha mchana kumwomba radhi. Nikampikia kuku. Akaangalia bakuli, akaangalia rangi ya mchuzi, akaangalia shati lake, kisha akasimama taratibu.

"Mwalimu," akasema, "hii nitaiombea nikiwa hapo mlangoni."