Antena ya Mama Wakesho

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile masikio yananiwaka moto, na mimi si mtu wa kuona haya ovyo. Nilizaliwa upande wa Webuye, nikamaliza kidato cha nne, nikaanza kutembea: Kitale, Nakuru, Athi River, kisha Mombasa, na popote nilipofika nilibaki nikipakumbuka nilipotoka (huo ndio ugonjwa wangu, na sijapona). Kazi ilipoisha Mombasa nikadandia lori lililokuwa linarudi Taveta na makreti matupu ya nyanya, nikakaa juu ya hayo makreti siku nzima na jua lote la nyika ya Taru likaniishia kichwani, tukapata pancha mbili, na lori lilipozimika kabisa pale Voi nikashuka nikasema basi, hapa panatosha.

Nikapata kazi duka la vifaa vya ujenzi, na chumba cha kupanga Mbololo, kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Wakesho. Nilikaa kwake karibu miaka mitatu. Nilikula kwake, nikapalilia mahindi yake, na kwa mara ya kwanza maishani nikaacha kuwaza safari.

Sasa huyo Wakesho, kitinda mimba wake, alikuwa kwenye kwaya ya chuo Nairobi, na kwaya ikachaguliwa kuimba katika sherehe za sikukuu ya taifa, moja kwa moja kwenye runinga, na yeye ndiye angeimba ubeti wa pili peke yake, kwa Kidawida, lugha ya kwao. Mama alikuwa amevunjika mguu, ana plasta, hangeweza kusafiri. Wiki nzima hakuwa na habari nyingine. Siku yenyewe sebule ikajaa watu wa kanisa, na Mama akawekwa mbele kabisa, mguu juu ya stuli, amevaa nguo yake ya Krismasi.

Na picha ilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma. Ilikuwa inakatika kidogo, nyuso za wakubwa zinageuka viboksi viboksi, sauti inameza neno hapa na pale, lakini ilikuwepo. Ndipo Mzee Mwakio, shemeji yake Mama, akanigeukia mbele ya watu wote akaniuliza kama mimi si fundi. (Ukweli ni kwamba antena nilikuwa naziuza tu dukani, na zamani Nakuru nilimshikia fundi ngazi mara mbili. Lakini nilikuwa nimewaacha waamini wanavyotaka.)

"Dakika tano tu," nikasema.

"Iache, Wafula," Mama akasema. "Hivi inatosha."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini mkononi nilishashika spana, na kichwani nilishafika Webuye, marehemu baba yuko nje anazungusha mlingoti na sisi watoto ndani tunapiga kelele "hapo, hapo!", naye anaachia, na picha inatulia. Nikaona nitafanya vivyo hivyo. Nikapanda juu ya paa, kwenye antena.

Mzee Mwakio akasimama mlangoni kunipasha habari. Nazungusha, ananiambia bado. Nazungusha, bado. Akisema hapo, naachia, halafu ananiambia imeenda. Narudisha, hapo, imeenda tena. Jasho likaanza kuniingia machoni. Kitu nilichokuwa sijui (na kila siku nawauzia watu antena hizo hizo!) ni kwamba king'amuzi si kama runinga ya baba. Kinashika mawimbi, kinafikiria kwanza, ndipo kinaonyesha picha. Yaani ukisikia "hapo", hapo ulishapapita zamani. Ilitakiwa nisogeze kidogo, ningoje, nisogeze kidogo, ningoje, na mimi nilikuwa nazungusha kama mtu anayesaga mahindi.

Halafu Mzee akaongea kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kwaya inajipanga. Wakesho yuko mbele. Usiguse." Kisha: "Imeenda."

Nilishagusa.

Nikateremka mbio, nikaomba rimoti, watu wakanipisha, na hakuna aliyekuwa ananiangalia usoni. Nikabonyeza itafute stesheni upya. Ikaniuliza kitu, nikajibu ndiyo bila kusoma. Kumbe ndiyo hiyo inafuta kwanza zote zilizokuwemo, ndipo inaanza kutafuta, na antena wakati huo niliiacha imeelekea Kishushe, kwenye ng'ombe na mawe. Tukakaa tunaangalia kile kimstari kikitambaa, asilimia ishirini, arobaini, sabini, watu wazima wote kimya kama tuko kwenye mtihani. Kikafika mwisho kikaandika: stesheni, sifuri.

Jirani mmoja alipofanikiwa kuirudisha picha, wanajeshi walikuwa wanatoka uwanjani.

Simu ya Mama ikalia. Akaiweka spika kama kawaida yake, na Wakesho akauliza akihema, "Mama, umeniona?"

Mama akaniangalia. Afadhali angekasirika. "Nimekuona, mwanangu."

"Na leso yako umeona nilivyoifunga?"

Mama akapitisha mkono kwenye ile plasta, polepole. "Machozi yalinijaa. Sikuona vizuri."

"Nilijua tu utalia," msichana akacheka.

Baadaye tulitafuta kwenye simu za watu, tukapata hotuba zote, nzima nzima, nyimbo wamezikata. Njiani vijana wakaanza kuniita Hapo, na hilo nililivumilia. Siku hizi nikikaribishwa kwa mtu na picha ikakatika vipande, nakalia mikono yangu na kusema naona vizuri tu, na nitaendelea kusema hivyo hadi nizikwe.

Lililonishinda ni Desemba. Chuo kilikuwa kinafunga, na jioni moja Mama akaniambia, taratibu, bila ubaya, "Akija, na wewe useme ulimwona."

Asubuhi ya siku aliyotarajiwa nikamwambia Mama nimepata kazi Taveta. Alijua ni uongo. Alinifungia viazi vitamu kwenye gazeti, akanisindikiza kwa magongo yake mpaka kwenye lango.

"Ungekaa tu, Wafula," akasema. "Ni neno moja tu."

Nikaenda steji mapema, kabla basi la Nairobi halijaingia.