Njia ya Changarawe Begani mwa Meru

Harufu ninayoikumbuka ya msimu ule ni ya mierezi iliyolowa mvua, harufu kali yenye utamu ndani yake, inayoingia puani ikashuka mpaka kooni. Ilitujia kutoka msituni alfajiri, ikapita juu ya migomba ya baba yangu, ikachanganyika na moshi wa jikoni na joto la ng'ombe waliofungwa ndani. Tuliishi kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Meru, juu kabisa, ambako shamba la mwisho lilikuwa letu na baada yake ulianza msitu. Zilikuwa zama za Wajerumani. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa wamechukuliwa kwenda Arusha kuvunja mawe ya barabara iendayo bomani, na wanawake ndio waliobaki kulima. Baba hakuchukuliwa kwa kuwa alikuwa mwalimu wa misheni, na misheni ilikuwa imempa baiskeli ya kuzungukia shule ndogo za vijijini.

Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi na nzito, na nyuma yake ilikuwa na keria ya chuma ambayo baba aliifunga ngozi ya mbuzi ili mtu aweze kukaa. Ilipoletwa mara ya kwanza, majirani walikuja kuitazama kama watu wanavyokuja kumwona mtoto mchanga. Bibi yangu, mama yake baba, aliligusa gurudumu kwa kidole kimoja, akaliona linazunguka, akauliza usiku kitu hiki kinalala kimesimama au kimelala chini. Mimi niliipenda tangu siku hiyo. Nilipopakiwa nyuma na miti ikaanza kukimbia kando yangu, nilisadiki kabisa kwamba ni miti ndiyo iliyokuwa ikikimbia.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha, Bibi aliugua. Alilala karibu na moto bila kula, na kila alipozinduka alimtaja binti yake, shangazi yangu, aliyekuwa ameolewa na Mwarusha mfugaji aitwaye Loishiye, ng'ambo ya bega la mlima, kule kaskazini ambako ardhi ni kavu. Wakwe zake walimpa jina la Nasieku. Baba na shangazi hawakuwa wakisemeshana. Wakati wa ndoa ile baba alikuwa ndiyo kwanza amebatizwa, akakataa kuhudhuria kwa sababu ya pombe na matambiko, na dada yake akampelekea neno kwamba kama kanisa ndilo ukoo wake sasa, basi abaki huko huko. Tangu hapo Bibi ndiye aliyekuwa akivuka kila kiangazi kwenda kumwona, akibeba ndizi na kunichukua mimi nimsindikize. Baba hakuwahi kukanyaga njia ile.

Jioni moja alikaa kando ya mama yake kwa muda mrefu, kisha akatoka nje kuikagua baiskeli. Mama yangu aliniambia nijiandae kumpeleka baba kwa shangazi, kwani mimi ndiye niliyeijua njia. Njia ya chini, inayopita mbugani karibu na maziwa, ilikuwa tope jeusi tupu ambalo hata magari ya ng'ombe ya walowezi yalikuwa yamezama humo. Njia ya Bibi ilipita juu, begani mwa mlima, ambako chini ni changarawe nyepesi zilizotapikwa na mlima hapo kale. Maji ya mvua hupotea humo mara yanapogusa ardhi.

Tuliondoka kulipopambazuka. Mwanzoni baba alisukuma zaidi ya kupanda, nami nikasukuma kutoka nyuma, matairi yakisaga changarawe kwa sauti kama ya mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga. Msituni kulikuwa na giza la kijani. Mbega walituangalia kutoka juu, mikia yao myeupe ikining'inia, na matawi ya mierezi yalikuwa na ndevu ndefu za kijivu zilizodondosha maji shingoni mwetu. Mahali njia iliponyooka baba alipanda, nami nikakaa keriani nikimwelekeza kwa kumgusa bega la kushoto au la kulia. Nilishangaa jinsi alivyonitii. Nyumbani hakuna aliyemwelekeza baba.

Tulipokata kona moja, baba aliteremsha miguu yote miwili, tukasimama. Mbele yetu tembo walikuwa wakivuka njia. Hawakufanya kelele yoyote. Walitoka katika miti upande mmoja na kuingia upande wa pili kama wingu linavyopita, wakubwa kwanza, kisha mama na mtoto wake, na yule mama akasimama katikati ya changarawe akatugeuzia masikio yake. Nilihisi moyo wa baba ukipiga mgongoni mwake, maana nilikuwa nimeuegemeza uso wangu hapo. Hakuomba kwa sauti, hakukimbia. Alishikilia baiskeli tu kama mtu anayemshika ng'ombe asiyemwamini. Tembo yule akatutazama mpaka aliporidhika, kisha akafuata wenzake, na matawi yakajifunga nyuma yake kana kwamba hapakuwa na kitu.

Tukatoka msituni. Pale juu miti inakwisha na vinaanza vichaka vya majani membamba kama sindano, vingine vimempita mtu kwa urefu, na msimu ule vilikuwa vimejaa maua madogo meupe mpaka nchi nzima ikaonekana kama imemwagiwa unga. Mawingu yalikuwa chini yetu. Upande wa mashariki Kibo ulisimama juu ya mawingu hayo, mweupe, bila kushikwa na kitu chochote. Baba alivua kofia yake. Nilidhani ataniambia habari za Mungu, kama alivyozoea. Badala yake aliniuliza kama Bibi, kila alipopita hapa na mzigo wa ndizi, alikuwa akiyaona haya yote. Nikamwambia kwamba hapa ndipo alipokuwa akipumzika. Baba akainamisha kichwa, akavaa kofia, tukaanza kuteremka.

Shangazi alikuwa akikamua mbuzi tulipofika. Niliinamisha kichwa, akaniwekea kiganja utosini kama ilivyo desturi ya kwao. Kisha akamtazama kaka yake, akaitazama baiskeli.

"Umekuja kwa miguu ya chuma," alisema. "Kwa miguu yako hukuja."

"Mama anakuita," baba akajibu. "Mimi ndiye niliyekaa mbali. Yeye hakukaa mbali nawe hata siku moja. Nakuomba twende."

Shangazi aliweka kibuyu chini. Loishiye, mume wake, alisema kwamba kwa mwendo wa punda wangechelewa, na baiskeli haikuweza kubeba watu watatu. Nikasema mimi nitabaki. Asubuhi yake shangazi alikaa keriani, ushanga wake wote shingoni, na mimi nikabaki langoni nikiwaangalia wakipanda kuelekea weupe ule wa maua, wakiwa wadogo zaidi kila nilipopepesa macho, mpaka mlima ukawameza.

Loishiye alinirudisha baadaye kwa punda. Nilimkuta shangazi amempakata Bibi kichwa, akimlisha uji. Bibi aliishi mpaka mahindi yakabeba, na binti yake hakuondoka kando yake. Nilimuuliza shangazi walizungumza nini njiani na baba. Akasema walipopanda hawakusemezana kabisa, lakini kwenye mteremko alilazimika kumkumbatia kiuno kwa nguvu zote, na ukimshika mtu hivyo huwezi kuendelea kumnunia.

Sasa mimi ni bibi mwenyewe. Lami inapita Kikatiti, chini ya mlima, mabasi yanapishana mchana kutwa, na baiskeli ni kitu cha kuendea sokoni. Mwaka jana mjukuu wangu alinipeleka kwa gari mpaka begani mwa mlima, tukafika kabla chai ya chupa haijapoa. Vichaka vilikuwa na maua. Alitazama huku na huku akaniuliza kwa adabu kama ni hapa tu. Nikamwambia ni hapa. Sikumlaumu, kwa maana hakuna kitu kilichomgharimu kufika. Nilikuwa nikiwafikiria wajukuu wa shangazi, wanaoishi kule chini upande wa pili. Sisi wenye magari na lami hatujawaona tangu shangazi azikwe. Zamani mlima ulitutenganisha, na bado watu waliuvuka. Nikamwomba tusirudi nyumbani kwanza. Alitazama saa yake, akatazama bonde, kisha akawasha gari, tukateremkia upande ule.